Usimtajie Nahodha Shomari Jina Langu

Mwanangu Zaituni,

Kabla hujasoma mbali, ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye akiumwa siku mbili tu, nusu ya Kigali inakula maharage. Si majivuno. Uliza kuanzia hapa Kimisagara mpaka Nyamirambo, uliza hata wale wanaojidai wana wachinjaji wao: nyama ya Ramadhani ndiyo nyama. Waziri mmoja, simtaji, alishusha kioo cha gari mbele ya bucha akasema, "Ramadhani, mbavu." Neno moja tu. Wakubwa kwa wakubwa hatuna maneno mengi.

Basi mtu huyo ndiye amekaa sasa hivi kwenye gogo la kukatia nyama, alasiri, mlango nimeurudisha nusu, anaandika kwenye karatasi ya kaki. Ni safi, sijafungia kitu. Wewe umekwenda Kagarama kumuaga mwalimu wako, na kesho asubuhi Hiace ya Rusumo, mpakani, itakupakia kituo cha Sonatubes. Nimeona nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo, mdomo utanikimbia tena. Unaujua ulivyo. Kalamu ni nzito, inanichelewesha, na leo nataka kucheleweshwa. Shule nilisoma miaka minne, na huo wa nne sikuumaliza, ingawa kwako nimekuwa nikisema sita.

Mambo ya sanduku, ya maji ya kuchemsha, ya kutolala na dirisha wazi, mke wangu Habiba amekueleza mara tatu nami nikimsikia kutoka uani. Siongezi. Langu ni lile la Jumapili.

Jumapili, kwenye chakula cha kukuaga, nyumba imejaa watu, nilisimama na glasi ya chai nikasema mambo mawili. La kwanza nilisema, "Ukifika Kunduchi kwenye hoteli yako, mtafute nahodha Shomari anayewaletea samaki. Mwambie wewe ni mtoto wa Ramadhani wa Kigali. Atakusimamia kama mwanawe." La pili nilisema, "Kazi yako ni kupokea samaki jikoni, basi shika hili kutoka kwa mjomba, kwa marume wako: samaki mwekundu akija tumbo limemtoka mdomoni, huyo mgonjwa, tupa." Watu wakapiga makofi. Patroni Evariste alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Ni kweli kabisa, nilikuwepo." Na wewe, mwanangu, ukatoa daftari kwenye mkoba ukaandika.

Wewe uliyemaliza sekondari, unayenisahihisha mahesabu, unayenicheka nikisoma gazeti kwa kidole, ukaandika maneno yangu kwenye daftari. Nikaona mwandiko wako ule wa kulala upande mmoja. Tangu Jumapili sijala vizuri. Habiba anadhani ni majonzi ya kuachana nawe. Nimemwacha adhani hivyo.

Yafute, yote mawili. Ndiyo barua yenyewe hiyo, ungeweza kuishia hapa. Lakini ukifuta bila kujua kwa nini utadhani marume amechanganyikiwa kwa sababu unaondoka. Kuchanganyikiwa nimechanganyikiwa, lakini ni kwa kisa cha zamani, na kisa chenyewe nimekisimulia kwa namna nyingi mpaka mimi mwenyewe nikikitafuta kile cha kwanza sikipati upesi. Samaki nimewahi kuwafanya kumi na mmoja. Nahodha nimewahi kumfanya alie. Ngoja nijaribu.

Ulikuwa bado bweni mwaka ule. Patroni Evariste alikuwa na mgahawa wake wa burusheti, mishikaki ya kwetu, na nyama yote ilitoka kwangu. Akapata wazo la kuleta samaki wa baharini Kigali, wa barafu, kwa lori. Mzee mmoja wa Dar es Salaam, mzee Athmani, mwenye vyumba vya baridi, alikuwa tayari kushirikiana naye. Patroni akaniambia, "Ramadhani, mimi ni mtu wa milimani, samaki ninaowajua ni sambaza wa Kivu. Nitajuaje nauziwa kitu kizuri?"

Nikamjibu, "Patroni, babu yangu alitoka pwani. Samaki nawajua kwa harufu."

Babu alitoka pwani kweli. Alipotoka alikuwa mgongoni mwa mama yake. Baba yangu hakuiona bahari, mimi sikuwa nimeiona. Samaki nilikuwa namjua akiwa kwenye sahani, tena kwa nadra, maana unajua Habiba hampendi ndani ya nyumba. Lakini neno lilishatoka, na patroni akafurahi, akasema nikikubali samaki wao atanifungulia duka mjini, duka la samaki, na mimi ndiye nitakayekuwa mkubwa wa duka. Nikaanza kuota vioo na barafu.

Tukafika Dar. Mzee Athmani akasema badala ya kuonyeshwa samaki chumbani tukamwone anapotoka, basi ikakodiwa boti ya kutwa nzima, kutoka alfajiri mpaka magharibi, na boti hiyo ilikuwa ya nahodha Shomari. Mtu mfupi, kifua kama pipa, hacheki. Aliniangalia viatu. Nilivaa vile vyeusi vya Idi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Patroni akasema, "Huyu ndiye mtaalamu wangu."

"Wa viatu?"

Mzee Athmani akacheka, mimi nikacheka zaidi yake ili ionekane nimeanza mimi.

Tulipita kisiwa, tukapita pale maji yanapopiga mwamba yakawa meupe, halafu yakageuka rangi ya kaniki na nchi ikapotea nyuma. Sisemi uongo leo: nilitapika mara tatu kabla jua halijapanda. Nikamwambia patroni kwamba watu wa pwani hufanya hivyo makusudi kusafisha tumbo kabla ya kazi. Akaniamini. Mwanangu, hiyo ndiyo shida ya maisha yangu. Watu waliniamini mapema mno.

Shomari akazima injini. Akatuonyesha kazi: ngisi kwenye ndoana, risasi nzito mwisho wa mshipi, unaachia, unaachia, unaachia, unadhani haina mwisho. "Risasi ikigusa chini mkono utaambiwa," akasema. "Ukishaambiwa, pandisha pima mbili, utulie. Usimshtue. Kungu si wa kushtuliwa." Kungu ndilo jina la huyo samaki mwekundu. Ukikutana na jina jingine huko waulize, mimi najua hilo moja.

Wa kwanza alimpata mzee Athmani. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Samaki akaibuka. Zaituni, barabara ya Kagarama unaijua mvua ikishakatika na jua likaimulika? Mwekundu vile, na mkubwa kama mtoto wa mbuzi. Macho yamemtoka. Na mdomoni kitu kimetokeza, cha waridi, kimevimba, kama mtu aliyepuliza mpira akashindwa kuufunga. Nami nilikuwa nimekaa karibu na sanduku la barafu kwa sababu ya kichefuchefu. Shomari akamng'oa ndoana, akanipa mikononi, akasema, "Mtie humo."

Nikamtupa baharini.

Boti nzima ikanigeukia. Halafu mzee Athmani, kwa sauti ndogo sana, akasema, "Samaki wangu."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya machinjioni, "Hii samaki iko mgonjwa! Tumbo imetoka nje! Kwetu ng'ombe akitoa kitu kama hii, daktari wa mifugo hapigi muhuri. Hii ni kibudu!"

Shomari akaniangalia kama mtu anayehesabu polepole. "Kibudu? Wewe ni Muislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Na hujui samaki hachinjwi?"

Nikamgeukia patroni nikamwambia taratibu, kwa Kinyarwanda, kwamba hawa watu wanataka kutuuzia samaki wenye ugonjwa. Na patroni akaniamini, mwanangu. Akafungua vifungo vya koti. Akasema, "Bon. Ramadhani anajua nyama. Akisema hapana, ni hapana."

Akavutwa wa pili. Tumbo nje. Watatu, tumbo nje. Wa nne, wa tano. Kila mmoja patroni aliniangalia mimi, na mimi nikatikisa kichwa kama hakimu, na patroni akasema, "Tupa, boti ya leo ni yangu." Shomari alikataa kuwatupa kwa mkono wake. Aliwaweka miguuni pangu, mmoja mmoja, akageuka kuangalia upande mwingine, nami nikawasukuma kwa kiatu.

Sasa lile ambalo sikulitegemea: hawakuzama. Walielea. Wote watano, tumbo juu, wekundu, wametapakaa nyuma ya boti kama sahani zilizomwagika, ndege weupe wakishuka juu yao. Shomari akawasha injini akageuza boti bila kuuliza mtu. Mimi napiga kelele, "Waache, hao sumu!" na yeye anazunguka na fimbo yake ya ndoana, akawaokoa wawili. Watatu walikwenda. Wa kwanza, yule mkubwa wa mzee Athmani, alichukuliwa kutoka chini na kitu ambacho hatukukiona, ghafla, palikuwa na samaki halafu pakawa na maji.

Mzee Athmani akasema, "Turudi." Akamwambia patroni, kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu, "Bwana Evariste, nimeuza samaki tangu hujazaliwa. Watoto wangu wamekula hao. Umekuja na mtu wa kuniambia nakula magonjwa." Boti ya kutwa ikarudi adhuhuri, na biashara ikafa hapo hapo, kabla hatujashika mchanga. Tukiteremka Shomari aliniambia neno moja tu: "Mchinjaji." Akatema mate majini. Huyo ndiye mtu niliyekuambia umwendee na jina langu.

Kama ingeishia hapo ningejitetea kwamba sikujua. Ninavyosimulia huishia hapo, na ndivyo patroni anavyoijua. Lakini patroni alikwenda kulala, kichwa kinamuuma kwa jua, mimi nikabaki kuzunguka penye samaki. Nikamkuta mama mmoja wa kukaanga, kanga kiunoni, mbele yake wale kungu wawili wa Shomari. Nikawajua kwa alama ya kiatu changu.

Nikamwambia, "Mama, hao ni wagonjwa."

"Nani kasema?"

"Tumbo limetoka."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Baba, umetoka wapi wewe? Huyu katoka chini sana. Ukimpandisha upesi upepo wa tumboni unamvimba, unasukuma kila kitu mdomoni. Ukimwona hivyo ujue katoka kilindini leo leo, hajalala popote." Akachukua kisu akakata kile kipande cha waridi, shap, akakitupia paka. Paka akala. Wote tukamtazama paka.

Nikanunua kipande cha kukaanga. Kwetu mtu mzima hali akisimama njiani, unajua, kwa hiyo nilikwenda nyuma ya kibanda nikageukia ukuta nikala kama mwizi. Nimekula nyama ya kila namna maishani. Sijala kitu kama kile.

Sasa hapa ndipo siwezi kujieleza, na nimejaribu miaka yote. Kwa nini sikwenda kumwamsha patroni? Ilikuwa alasiri tu. Nyumba ya wageni ilikuwa hatua mia. Mzee Athmani alikuwa bado yupo, nilimwona ameketi kwenye ukuta anakung'uta mchanga kwenye kandambili. Ningesema maneno mawili, nilikosea, nisameheni, na lori la barafu lingekuja Kigali na duka lingekuwa langu. Nilikaa. Nikaosha mikono. Nikajiambia kesho. Kisha siku nne njiani, kabini moja, goti langu na goti lake, na kila kituo patroni ananinunulia soda ananiambia, "Umeniokoa, Ramadhani." Tulipofika Rusumo kwenye daraja nilikuwa tayari nakumbuka nimemwokoa.

Ndivyo inavyokuwa, au mimi ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwanzoni unajua unadanganya. Halafu mtu anakushukuru, na shukrani yake inaingia pale ukweli ulipokuwa umekaa. Nikikisimulia kisa hapa buchani namwona yule samaki mgonjwa kabisa, na usaha. Usaha nauona! Haukuwepo.

Siku hizi naogopa jambo hilo kuliko zamani. Unauona mji ulivyo. Kila mtu anajua. Redio inajua, jirani anajua, vijana wa kofia za vyama wanapita hapa wanajua nani mzuri nani mbaya, wanakuangalia machoni wanasema kama mimi kwenye boti, kwa sauti ile ile. Na wanaosikiliza wanatikisa kichwa kama patroni. Mimi niliyekuwa bingwa wa kujua, nikisikia sauti hiyo sasa narudisha mlango wa bucha. Sijui ni nini. Sijui hata kama wewe unaondoka au mimi ndiye nimekuondoa. Mama yako mkubwa Tatu alipoandika kuwa kuna kazi pale hotelini anapopika, nilisema ndiyo kabla Habiba hajamaliza kusoma barua. Nikamwambia ni kwa ajili ya mshahara. Nadhani hata hilo si kweli, lakini sijapata neno la kweli lake.

Sina ushauri, Zaituni. Mtu wa namna hii atakushauri nini? Nakuomba tu mambo ya kazi yako, kwa sababu kazi yako ndiyo iko hatarini kwa mdomo wangu. Hiyo hoteli haikujui, wanakupokea kwa dhamana ya mama yako mkubwa. Asubuhi ya kwanza Shomari atateremsha makasha, kungu watakuwa juu, wengi wao watakuwa na kile kitu mdomoni, na wewe ukiwatupa, jioni utakuwa kituo cha basi na mama yako mkubwa atakuwa na aibu mbele ya wapishi wenzake. Usiwatupe. Angalia mashavu ndani, mama yule aliniambia, yawe mekundu kama damu mbichi. Jicho liwe na maji. Na hata hilo usilichukue kwangu, muulize mtu wa pale, useme wazi kwamba hujui. Mimi nimeishi miaka hamsini na kidogo bila kulisema neno hilo, na unaona ninavyoandika kwenye karatasi ya nyama.

Kwa Shomari jiite Zaituni tu. Akikuuliza kwenu, sema Kigali, mji ni mkubwa. Akikuuliza unamjua mchinjaji mmoja wa viatu vyeusi, hapo sijui. Nilitaka kukuandikia useme hapana. Kisha nikaona nakufundisha tena. Sema utakavyoona.

Patroni nitamwambia. Kesho nikitoka kukusindikiza nitapita kwake. Nimeandika hivyo ili iwe imeandikwa.

Lakini limebaki moja, na ukurasa unaisha, na nasikia Habiba ananiita. Nimekuandikia kwamba nilimtupa kwa sababu nilidhani ni mgonjwa. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu, hata yule mama wa kukaanga, hata mimi mwenyewe mpaka leo mchana. Si kweli. Mimi ninayelaza fahali kwa mikono miwili, nilikuwa sijawahi kushika samaki aliye hai. Shomari aliponipa, akapiga mkia kwenye kifua changu, akanitazama, nikaogopa. Nikapiga ukelele mdogo, kama wa mtoto aliyekanyaga jongoo, sijui kama waliusikia. Nikamrusha. Maneno ya ugonjwa niliyatunga samaki akiwa bado hewani, na wale wanne wengine niliwatupa ili yule wa kwanza asionekane.

Marume wako,
Ramadhani